Mashimelo ya nyumbani: Utamu wa asili nao wahitaji kipimo

MZAZI anayeingia supamaketi akiwa na watoto anajua mahali ambapo mvutano huanza. Ni pale karibu na mahali pa kulipia, ambapo peremende za kila rangi zimepangwa chini, kwenye kimo cha macho ya mtoto. Miongoni mwazo ni mashimelo, vile vipande laini kama pamba, vyeupe na vya waridi, ambavyo mtoto akishavionja haachi kuviulizia.

Wazazi wengi mijini wameanza kugeuza pakiti hizo na kusoma maandishi madogo ya nyuma. Wanakuta majina ya rangi na kemikali wasizozijua, na baadhi yao wameamua kutengeneza mashimelo yao wenyewe jikoni kwa asali, matunda na viungo vya kawaida. Uamuzi huo ni mwema. Anayepika mwenyewe anajua alichotia ndani ya sufuria.

Hata hivyo, neno “asili” limewapumbaza wengi. Kuna mama anayemnyima mtoto peremende ya dukani kisha akampa vipande kumi vya mashimelo ya asali, akiamini kwamba amempa dawa. Kuna pia anayempa mtoto wa miezi minane, bila kujua kwamba asali inaweza kumlaza hospitalini. Kabla ya kuwasha jiko, yafaa tujue mashimelo ni kitu gani, yanavyotengenezwa, na nani hapaswi kuyala.

Ndugu wa bamia

Mashimelo yalipata jina lake kutokana na mmea. Wataalamu wa mimea huuita Althaea officinalis, nao huota penye majimaji huko Ulaya, magharibi mwa Asia na kaskazini mwa Afrika. Mizizi yake ina ute mzito ambao tangu kale ulitumiwa kutuliza koo linalowasha na kikohozi kikavu.

Katika karne ya 19, watengenezaji wa peremende nchini Ufaransa waliuchukua ute huo, wakauchanganya na sukari na ute wa mayai, wakaupigapiga mpaka ukafura. Kazi hiyo ilikuwa ya mkono na ilichukua muda mrefu. Baadaye waligundua kwamba jelatini inashika vizuri zaidi na kwa gharama ndogo, nao mzizi ukaachwa. Leo mashimelo ya dukani hayana chochote cha mmea huo isipokuwa jina.

Msomaji asidhani kwamba mmea huo ni mgeni kabisa kwetu. Bamia, mrenda unaopendwa sana magharibi mwa Kenya, rosela inayotengenezewa chai nyekundu, na hata mbuyu wa Pwani, yote ni ya ukoo mmoja nao. Anayetaka kujua ute wa mzizi ule ulivyokuwa na akumbuke tu bamia zinavyovutika zikipikwa.

Ndani ya pakiti mna nini?

Mashimelo ya kiwandani kwa kawaida hutengenezwa kwa sukari, shira inayotokana na mahindi, maji, jelatini, wanga wa kuyazuia yasigandane, ladha na rangi. Kipande kimoja kikubwa huwa na uzito wa gramu 7 hivi, na katika hizo gramu 4 hivi ni sukari. Kinachobaki ni wanga mwingine, maji na protini kidogo. Vitamini na madini ni kama hakuna.

Jelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, hasa nguruwe na ng'ombe, na wakati mwingine samaki. Kwa hivyo Mwislamu anayenunua jelatini ya unga ahakikishe ina alama ya halali. Wafuasi wa madhehebu yasiyokula nguruwe, na wale wasiokula ng'ombe au nyama yoyote, wanapaswa pia kusoma pakiti kwa makini. Pakiti ikisema “jelatini” tu bila kutaja mnyama, ni heri kuiacha.

Wapo wanaosifu jelatini kwamba ni protini safi ya kumjenga mtoto. Ni kweli kwamba sehemu yake kubwa ni protini, lakini imepungukiwa na baadhi ya vijenzi muhimu ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Haiwezi kuchukua nafasi ya maharagwe, mayai, maziwa au dagaa.

Kuhusu rangi, wazazi wana sababu ya kuuliza. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha utafiti katika jarida la The Lancet ulioonyesha kwamba mchanganyiko wa rangi fulani za kutengenezwa pamoja na dawa ya kuhifadhi chakula uliwafanya baadhi ya watoto kuhangaika na kushindwa kutulia. Tangu Julai 2010, nchi za Muungano wa Ulaya zimewataka wenye viwanda wanaotumia mojawapo ya rangi sita, ikiwemo tatrazini ambayo huandikwa E102, kuweka onyo kwenye pakiti. Na mnamo Januari 2025, Marekani iliamua kwamba rangi nyekundu iitwayo erithrosini, yaani E127, isiendelee kutumiwa kwenye vyakula, ikatoa muda kwa viwanda kuiondoa.

Asali nayo ni sukari

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Asali ya Baringo, Kitui au Pokot Magharibi ina harufu na ladha isiyopatikana katika sukari nyeupe. Lakini takriban asilimia 80 ya asali ni sukari. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliiweka asali katika kundi moja na sukari ya mezani, shira na juisi ya matunda. Lilishauri kwamba sukari hizo zisizidi asilimia 10 ya nguvu anazopata mtu kutokana na chakula chake cha siku, na kwamba ni bora zaidi zikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima, hiyo asilimia 5 ni gramu 25 hivi, yaani vijiko 6 vya chai. Mtoto mdogo kiasi chake ni kidogo zaidi.

Sukari guru nayo haina tofauti kubwa. Ina madini kidogo sana ambayo mtu hawezi kuyategemea, na mwilini hufanya kazi ile ile ya sukari. Aidha, asali ikichemshwa mpaka kuwa shira nzito, vimeng'enya na harufu nyingi zinazosifiwa hupotea. Mwenye ugonjwa wa kisukari asidanganywe kwamba mashimelo ya asali hayapandishi sukari kwenye damu. Yanapandisha.

Faida ya kupika nyumbani basi ni gani? Ni kwamba unachagua rangi, unachagua jelatini, unapunguza utamu kadiri unavyotaka na unakata vipande vidogo. Zaidi ya hayo, kitu kinachochukua nusu siku kutengenezwa hakiliwi kila siku.

Mahitaji

Kwa trei moja ya mraba yenye sentimita 20 kila upande, tayarisha:

Asali, robo tatu ya kikombe (gramu 250 hivi).
Jelatini ya unga isiyo na ladha wala rangi, gramu 25 hivi (vijiko vikubwa 3).
Maji baridi nusu kikombe ya kulowekea jelatini, na robo kikombe ya kuchemshia asali.
Chumvi kidogo sana, na kijiko kimoja cha chai cha vanila au iliki iliyosagwa.
Wanga wa mahindi vijiko vikubwa 3, au nazi iliyokunwa na kukaushwa.
Mafuta kidogo ya kupaka trei na kisu.

Mapishi ya kigeni hutaja unga wa aroruti badala ya wanga wa mahindi. Hapa kwetu nduma pia hupewa jina hilo, lakini si kitu kimoja. Wanga wa mahindi au wa muhogo unatosha.

Baadhi ya mapishi huongeza ute wa mayai mabichi. Tunashauri uuache. Mayai mabichi yanaweza kuwa na viini vya salmonela, na watoto ndio huumia zaidi. Jelatini peke yake inatosha kuyafanya yafure.

Jinsi ya kutengeneza

1. Mimina nusu kikombe cha maji baridi ndani ya bakuli kubwa. Nyunyiza jelatini juu yake na uiache dakika 10 mpaka ifyonze maji yote na kuwa kama uji mzito. Usiimwage yote kwa pamoja, kwani itafanya madonge.

2. Tia asali, maji robo kikombe na chumvi ndani ya sufuria yenye kina kirefu. Asali ikichemka hufura kwa povu, na sufuria ndogo itamwagikia jikoni. Chemsha kwa moto wa wastani bila kuondoka. Shira iko tayari pale tone lake likidondoshwa kwenye bakuli la maji baridi linaweza kufinyangwa kuwa kidonge laini kinachobonyea kati ya vidole.

3. Epua, subiri povu litulie, kisha mimina shira polepole juu ya jelatini huku ukikoroga.

4. Piga kwa mashine ya kupigia keki, kwanza polepole kisha kwa kasi, kwa dakika 10 hadi 15. Mchanganyiko utageuka kutoka rangi ya kahawia hadi kuwa mweupe, uongezeke mara kadhaa, na ukiinua mchapo ushuke kama utepe mnene. Ongeza vanila au iliki mwishoni. Anayetumia mchapo wa mkono atafute mtu wa kumpokea, maana ni kazi ya nusu saa au zaidi.

5. Paka trei mafuta, nyunyiza wanga, kisha mimina haraka na usawazishe kwa mwiko uliopakwa mafuta. Funika na uache saa 6 au usiku kucha.

6. Kata kwa kisu kilichopakwa mafuta. Ukikata safu 8 kwa 8 utapata vipande 64. Vigaragaze kwenye wanga ili visishikane. Ukikausha wanga huo kidogo kwenye kikaango kabla, ile ladha ya unga mbichi itaondoka. Wanaopenda ladha ya Pwani watumie nazi iliyokaushwa.

Tukipiga hesabu, gramu 250 za asali zina gramu 200 hivi za sukari. Ukigawa kwa 64, kila kipande kina gramu 3 na kidogo. Utaona kwamba hakuna pengo kubwa kati yake na cha dukani. Vipande vitatu kwa mtoto wa shule, baada ya chakula, si vibaya mara moja moja. Vipande kumi ni sawa na chupa ya soda ya mililita 300.

Nairobi na Mombasa hazipikiki sawa

Vitabu vya mapishi husema shira ichemshwe hadi nyuzi 115 za sentigredi. Kipimo hicho ni cha mahali palipo usawa wa bahari, kama Mombasa au Malindi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mwenye kipimajoto Nairobi aepue shira ikifika nyuzi 109 hivi, na wa Eldoret 108. Wakisubiri 115 shira itakuwa imekauka kupita kiasi na mashimelo yatakuwa magumu. Jaribio la tone kwenye maji baridi halihitaji hesabu hizo, kwani huonyesha sawasawa popote ulipo.

Wakazi wa Pwani nao wana taabu yao. Asali huvuta unyevu kutoka hewani, na mashimelo yakiachwa wazi Mombasa yatalowa na kunata kabla ya siku kwisha. Yahifadhiwe kwenye mkebe usioingiza hewa, yakiwa yamenyunyiziwa wanga wa kutosha, na yaliwe ndani ya wiki moja.

Rangi na ladha kutoka sokoni

Huna haja ya kununua chupa za rangi. Kijiko kimoja cha juisi ya bitiruti kitakupa waridi. Maji mazito ya rosela hutoa wekundu pamoja na uchachu unaopunguza ule utamu mzito. Manjano ya jikoni, kiasi cha ncha ya kisu, hutoa rangi ya jua. Unga wa ubuyu na maji ya ukwaju huleta ladha ambayo watoto wa Pwani wanaijua tangu wakiwa wadogo. Juisi ya pasheni nayo hufaa sana. Unaweza kutumia maji ya rosela au ya ukwaju kulowekea jelatini badala ya maji matupu.

Jihadhari na nanasi na papai mbichi. Wapishi wa mishkaki hupaka papai kwenye nyama ili ilainike. Papai lina kimeng'enya kinachovunja protini, na nanasi vilevile. Kwa kuwa jelatini ni protini iliyotoka kwenye ngozi na mifupa, matunda hayo huiyeyusha, na mashimelo yako hayatashika hata ukiyaacha siku mbili. Tangawizi mbichi ina tabia hiyo hiyo. Ukitaka kutumia mojawapo, lichemshe kwanza kwa dakika kadhaa, kwani joto huua kimeng'enya hicho.

Nani asipewe?

Kwanza, mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe kitu chochote chenye asali. Asali inaweza kubeba mbegu za kiini kiitwacho Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima huzishinda, lakini utumbo wa mtoto mchanga bado haujakomaa, na mbegu hizo zinaweza kumea humo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Ugonjwa huo ni nadra lakini ni hatari. Kuchemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo. Dalili zake ni kufunga choo, kunyonya kwa udhaifu, kilio hafifu, kope kulegea na mwili kuwa tepetepe. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe kama alilamba asali.

Pili, mashimelo hayafai kwa watoto walio chini ya miaka minne, yawe ya dukani au ya nyumbani. Ni laini na hunata, na kipande kikiteleza hadi kooni hujibana na kuziba njia ya hewa. Hata watoto wakubwa wale wakiwa wameketi, kipande kimoja kimoja, bila kukimbia wala kucheza michezo ya kujaza mdomo. Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja akipaliwa na kushindwa kukohoa au kulia, muinamishe mbele umpige mgongoni, katikati ya mabega, mara tano kwa kiganja. Kisipotoka, simama nyuma yake, zungusha mikono, weka ngumi juu ya kitovu na uvute ndani na juu mara tano. Rudia mfululizo huku mwenzako akitafuta msaada.

Tatu, watoto wasikaribie jiko wakati shira inachemka. Shira ina joto kuliko maji yanayochemka, nayo hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kwa daktari. Asipakwe dawa ya meno, siagi wala unga. Kazi ya watoto ianze wakati wa kukata na kugaragaza.

Meno nayo?

Viini vilivyo mdomoni hula sukari na kutoa asidi inayomomonyoa meno. Havibagui kati ya sukari ya kiwandani na ya nyuki. Kinachodhuru zaidi ni mara ngapi sukari inaingia mdomoni, na inakaa humo muda gani. Mtoto anayekula vipande vitatu baada ya chakula cha mchana anaumia kidogo kuliko anayekula kimoja kila saa mpaka jioni.

Kwa hivyo mashimelo yaliwe pamoja na chakula au mara baada yake, kisha mtoto anywe maji. Asubuhi na kabla ya kulala apige mswaki kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere, na aliye chini ya miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele. Peremende ya kulalia isiwepo kabisa, hata iwe ya asali ya porini.

Wahenga walisema kuwa asali haichovywi mara moja, na kila mzazi ameona ukweli wa maneno hayo usoni mwa mtoto wake. Ndiyo sababu trei nzima isiwekwe mezani. Weka vipande vya siku hiyo kwenye sahani, funga mkebe, na uuweke juu ya kabati. Vilivyobaki gawia majirani.